Je, Wajua? Kuitoboa Gemu ya Bei Chee Mpaka Asilimia ya Mwisho

Je, wajua kwamba ipo gemu ya kuruka inayozungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho? Inaitwa Tales of Kenzera: Zau. Ilitoka tarehe 23 Aprili 2024. Unaingia kwenye mipangilio, unachagua sauti za Kiswahili, na kuanzia hapo shujaa, mizimu na mungu wa kifo wote wanasema lugha ile ile inayotumika kupatana bei ya mpunga hapa Bahi, Dodoma. Siku ilipotoka iliuzwa dola 19.99 za Marekani, wakati gemu kubwa za mwaka huo zilikuwa zikienda kwa dola 70. Nimeicheza hapa hapa mpaka ikakosa la kunificha. Safu ya leo ni masalia ya safari hiyo, pamoja na mengine niliyoyaokota njiani.

Kwa asiyezijua gemu za kuruka: ni zile ambazo mtu mdogo anakimbia kwenye kioo, kwa kawaida kutoka kushoto kwenda kulia, anaruka mashimo, anadandia vibao vinavyoelea hewani, anakanyaga adui kichwani, na akitumbukia anaanza upya. Mtoto aliyekulia kwenye majaruba ya Bahi hahitaji maelezo zaidi. Kutembea juu ya tuta jembamba la jaruba ukiwa na chakula cha wavunaji kichwani, kuruka penye mkondo, na adhabu ya kukosea ikiwa ni matope mpaka kiunoni, hiyo ni gemu ya kuruka isiyotumia umeme.

Je, wajua kwamba mrukaji maarufu kuliko wote duniani alipewa jina la mwenye nyumba? Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, Japani, alitengeneza Donkey Kong, gemu ya fundi seremala anayepanda ngazi huku sokwe akimvurumishia mapipa. Fundi yule aliitwa kwanza Jumpman. Jina la Mario lilipatikana Marekani, kwa Mario Segale, aliyekuwa mwenye ghala ambalo Nintendo walipanga. Wapangaji wengi ninaowafahamu wana majina mengine kabisa ya kumpa mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba Donkey Kong haimaliziki? Hakuna aliyewahi kuitoboa, na kosa si la mchezaji. Mashine hupiga hesabu ya muda wa kila hatua kwa kuchukua namba ya hatua, kuongeza 4, kisha kuzidisha kwa 10. Ukifika hatua ya 22 jibu ni 260. Lakini kisanduku cha kuhifadhia jibu kinabeba mwisho 255. Fikiria debe la mpunga ambalo punje moja ya ziada hailimwagi kidogo pembeni, bali inalipindua lote, nawe unaanza kuhesabu kutoka sifuri: baada ya 255 inarudi 0, kisha 1, 2, 3, na 260 inageuka kuwa 4. Mchezaji anapewa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, fundi anakufa akiwa bado chini ya ngazi, na biashara imeisha. Kuna watu wamefanya mazoezi miaka na miaka ili tu wapate heshima ya kufa pale.

Na hii je? Mwaka uliofuata, 1982, David Crane alitoa Pitfall! kwa mashine ya Atari. Hii ilikuwa na ukamilifu unaopimika: hazina 32 porini, dakika 20 za kuzitafuta, na alama 114,000 kwa atakayezikusanya zote bila kuanguka wala kugongwa na gogo. Hapakuwa na intaneti ya kuringia. Aliyefikisha alama 20,000 alipiga picha kioo cha televisheni yake kwa kamera ya filamu, akaisafisha, akaituma kwa posta kwenye kampuni ya Activision, naye akatumiwa kiraka cha kitambaa cha kushona kwenye nguo. Picha ikitoka na ukungu, umecheza bure.

Je, wajua kwamba zile kaseti za njano zilizoandikwa kwamba zina gemu 9999 hazikuwa na gemu 9999? Bila shaka wajua. Kila aliyekaa kwenye benchi la kibanda cha gemu analijua hilo. Ukishuka kwenye orodha unaikuta Mario, chini yake Contra, kisha majina mapya, kisha Mario tena ikiwa na jina jingine na ikianzia hatua ya tatu. Gemu zenyewe hasa zilikuwa chache, zimejirudia kama mistari ya kanga. Mashine zilizozicheza zilikuwa nakala za Famicom, ambayo Nintendo waliiuza kwanza Japani tarehe 15 Julai 1983. Urusi nakala hizo zilijulikana kama Dendy, Poland kama Pegasus. Kwetu ziliitwa tu gemu za TV, na ziliuzwa dukani zikining'inia jirani na redio na pasi.

Uchache ule ndio uliotufanya mafundi, nasema hili kwa uhakika wa mtu aliyekaa benchi. Mtoto mwenye gemu mia mbili kwenye simu anaonja kila moja kama mgeni kwenye shughuli. Mtoto mwenye gemu nne za kweli ndani ya kaseti moja anaijua kila tofali ya ukuta. Anajua lipi limeficha uyoga, na lipi halina kitu ila unaligonga tu kwa mazoea.

Je, wajua kwamba Super Mario Bros. ya mwaka 1985, pamoja na falme zake 8 na hatua zake 32, ina uzito wa kilobaiti 40 tu? Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp, ile yenye shangazi aliyefumba macho, ni nzito kuliko hiyo. Watengenezaji walibana kila mahali. Tazama mawingu ya gemu ile, kisha tazama vichaka vilivyo chini: ni mchoro mmoja, umepakwa rangi mbili. Na ukishamwokoa binti mfalme, gemu inakuruhusu kurudi mwanzo, safari hii wale uyoga wenye miguu wakiwa wameondolewa na nafasi zao kushikwa na mende wenye magamba ambao moto hauwaingii. Wengi kibandani hawakuwahi kuliona hilo. Si kwamba hawakujua kucheza. Zamu ilikuwa imeisha.

Wakimbiaji wa kulipua muda, wale wanaocheza na saa mkononi, wameshaimaliza gemu hiyo hiyo chini ya dakika 4 na sekunde 55. Hapo ugali haujaiva.

Je, wajua kwamba gemu nyingi za kuruka zinakudanganya kwa wema? Ukikimbia ukapitiliza ukingo, ukabonyeza kuruka ukiwa tayari uko hewani, sheria ya dunia inasema umechelewa, uanguke. Lakini mtengenezaji mwenye akili anakupa sehemu ndogo ya sekunde ya msamaha: mguu umeshaondoka ardhini, na gemu bado inakuhesabu kama umesimama. Wenyewe wameipa jina la yule mbweha wa katuni, Wile E. Coyote, anayekimbia hewani na asianguke mpaka atazame chini. Upo pia msamaha wa pili: ukibonyeza mapema kidogo kabla hujatua, gemu inaikumbuka amri yako na kukurusha pale tu nyayo zinapogusa. Gemu ambayo mchezaji anaisifu kwamba inasikia mkono mara nyingi ni ile inayomsamehe bila kumwambia. Na zile mbovu, ambazo kila mtu kibandani alikuwa akitupia lawama pedi, nyingi zilikosa tu huruma hizo mbili.

Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Je, wajua nani aliyaanzisha maneno haya ya kubonyeza kwenye pedi, ambayo watoto wengi waliyakariri mapema kuliko jedwali la saba? Kazuhisa Hashimoto, mwandishi wa programu wa kampuni ya Konami. Mwaka 1986 alikuwa akiitayarisha Gradius, gemu ya vyombo vya anga, akaona ni ngumu kiasi kwamba yeye mwenyewe hawezi kuijaribu mpaka mwisho. Akajiwekea mlango wa nyuma, na mlango ukasahaulika ndani. Kwenye Contra mlango huo huo ulimpa mchezaji maisha 30. Hashimoto alifariki Februari 2020.

Kuna swali ambalo wakamilishaji hawakubaliani mpaka leo: aliyeitoboa Contra kwa maisha 30, ameitoboa? Mimi nasema ndiyo, lakini asisimame mbele ya watu.

Je, wajua kwamba zamani gemu hazikuwa na kumbukumbu? Famicom haikuhifadhi chochote yenyewe, ulipozima, umezima. Baadhi ya kaseti zilikupa neno la siri la kuandika ili urudi ulipoishia, nyingine, kama Mega Man 2 ya mwaka 1988, zilikuchorea kiwambo cha vidoti vya kunakili. Daftari langu la hisabati lilikuwa na kurasa mbili za vidoti mwishoni, na mwalimu aliyezikuta alifikiri ni ramani ya bao. Kaseti zenye betri ndogo ndani, zinazokumbuka hata zikichomolewa, zilikuwa ghali. Kwa hiyo kumaliza kulimaanisha kumaliza kwa kikao kimoja. Bahi kikao kimoja kilikuwa na ukomo wake: jua likishuka, mbuzi wanarudi, na kuna anayetakiwa kwenda kuwafungia. Umeme nao ukiamua kukatika ukiwa kwa bosi wa mwisho, kibanda kizima kilitoa sauti moja ambayo sijaisikia tena popote, hata uwanjani.

Na hili la Simba. Je, wajua kwamba gemu ya kuruka ya mwaka 1994 iliyojaa majina ya Kiswahili ilifanywa ngumu kwa makusudi ili usiimalize? Ni The Lion King, iliyotengenezwa na Westwood Studios kwa ajili ya Virgin na Disney. Mhusika ni Simba, mzee wa busara ni Rafiki, na Pumbaa jina lake linatokana na kupumbaa. Mambo yanakwenda vizuri mpaka hatua ya pili, yenye twiga, mbuni na nyani wanaokurusha huku na kule kwa mpangilio usioeleweka. Maelfu ya watoto duniani waliishia hapo wakaamini wao ndio wajinga. Miaka baadaye Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alieleza ukweli: Marekani gemu zilikuwa zikikodishwa kwa siku mbili tatu kama kanda za video, na Disney hawakutaka mtoto aikodishe Ijumaa, aimalize Jumapili, kisha asiinunue. Wakaiweka ngumu mapema. Sisi tusiokodi wala kununua, tuliokuwa tukilipia kwa dakika, tuliingizwa kwenye ugomvi usiotuhusu.

Turudi kwa Zau, maana huko ndiko nilikokaa.

Je, wajua kwamba aliyeibuni ni mwigizaji? Abubakar Salim alizaliwa Uingereza mwaka 1993 katika familia yenye asili ya Kenya. Wapenzi wa gemu walimjua kwanza kwa sauti: yeye ndiye Bayek, Mmisri wa Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Wapenzi wa tamthilia wamemwona kwenye Raised by Wolves, na mwaka 2024 kwenye House of the Dragon. Baba yake alifariki mwaka 2013 kwa saratani, na Salim amesema mara nyingi kwamba gemu hii ni namna yake ya kuongea na msiba ule. Alianzisha studio iitwayo Surgent, akaitangaza Zau jukwaani Marekani Desemba 2023, na badala ya kusifu michoro kama wafanyavyo wenzake, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akamzungumzia baba yake.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana Zuberi, wa mji wa kubuni uitwao Amani, amefiwa na baba, na baba amemwachia kitabu. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba yake. Zau anamwita Kalunga, mungu wa kifo, na kupatana naye kama watu wanavyopatana mnadani: nikikuletea mizimu mikubwa mitatu iliyokukataa, utanirudishia Baba. Wanakubaliana. Kalunga si jitu la kutisha. Ni mzee mpole anayetembea naye njia nzima akimshauri, na huo ndio ujanja wa gemu hii. Unaanza kumpenda mtu ambaye unajua ana kazi gani.

Wajua jina Kalunga linatoka wapi? Limeenea katika lugha za Kibantu. Kwa Wakongo, kalunga ni mpaka wa maji unaotenganisha walio hai na waliokufa. Na neno nganga wanalomwitia Zau ni ndugu wa damu wa mganga wetu. Mizimu mitatu imekusanywa kutoka mbali zaidi: Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa, GaGorib ni wa Wakhoikhoi, Kikiyaon, yule wa bundi, ni wa Afrika Magharibi. Hapa nina lalamiko dogo. Bara zima limewekwa kwenye sufuria moja, na ladha nyingine zimepotea humo. Ningependa angalau mzimu mmoja wa nyanda hizi za kati. Na siku moja nataka nimsikie shujaa akimsalimu mungu wa kifo kwa Kigogo, mbukwenyi, nione kama atajibu.

Uchezaji wenyewe unategemea vinyago viwili. Cha jua ni cha moto na mapigano ya karibu. Cha mwezi ni cha baridi, unapiga kutoka mbali. Unavibadilisha hapo hapo katikati ya mruko, na ukishazoea unaona ni ngoma kuliko vita. Zau anaruka mara mbili hewani tangu dakika ya kwanza. Gemu nyingi za aina hii zinakunyima mruko wa pili mpaka ufike katikati, uupate kama mshahara uliocheleweshwa. Huyu kaupewa bure, na unahisi mwanzo kabisa kwamba mwili wake ni mwepesi kuliko moyo wake.

Kisha kuna mibuyu. Hapo mtu wa Dodoma lazima asimame. Ukiukuta mbuyu kwenye ramani ya Zau, unaweza kumkalisha chini yake, akatulia, akasema kinachomsumbua. Hakuna adui, hakuna saa. Niliicheza sehemu hiyo mara ya kwanza mchana wa Septemba, vumbi jekundu likiingia chini ya mlango, na nje dirishani palikuwa na mbuyu wa kweli na wazee wawili chini yake wakifanya jambo lile lile. Watengenezaji waliokaa Uingereza waliujua mbuyu kazi yake.

Usidhani ni gemu kamilifu. Nimekufa mara nyingi kwa sababu ambazo bado nazipinga, na kuna sehemu ya kukimbizana ambayo inastahili kesi. Lakini Aprili 2025 ilipata tuzo ya BAFTA huko Uingereza, ile inayotolewa kwa gemu inayofanya zaidi ya kuburudisha. Tuzo haikuleta shibe: mwaka 2024 wenyewe studio ilikuwa imeshapunguza watu na kusimamisha kazi ya gemu ikitafuta fedha.

Je, wajua kwamba mama mmoja aliweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya gemu ambayo ilikuwa bado haijatengenezwa? Lual Mayen, Msudani Kusini, alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Aliona kompyuta mara ya kwanza kwenye usajili wa wakimbizi, akamwambia mama anaitaka. Mama alidunduliza mpaka dola 300, akamkabidhi. Kambini hapakuwa na umeme, kwa hiyo kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi. Kutokana na mashine ile ikatoka Salaam, gemu ya kukimbia ambamo mhusika anatoroka vita. Desemba 2018 alitunukiwa jukwaani Los Angeles. Nikikumbuka malalamiko yangu kuhusu bando, naona haya kidogo.

Je, wajua kwamba Jenga, vile vijiti 54 vya kuchomoa, ni Kiswahili? Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1955, aliupa mchezo huo jina kutoka kitenzi cha lugha aliyokulia nayo, akauzindua London mwaka 1983. Yupo aliyemshauri abadilishe jina, Scott akakataa.

Sasa tuongee asilimia. Je, wajua kwamba mia kwa mia haitoshi? Donkey Kong Country ya mwaka 1994 ilimalizika kwa asilimia 101. Ya pili, mwaka uliofuata, 102. Watengenezaji waligundua kwamba kuna aina ya mtu ambaye ukimwambia amemaliza anaumia. Mtu huyo yupo kila kijiji. Ndiye anayerudi shambani baada ya mavuno kuokota masuke.

Na malipo yake? Super Mario 64 ya mwaka 1996 inahitaji nyota 70 kumfikia bosi wa mwisho. Ukizikusanya zote 120, mzinga unafunguliwa, unajirusha mpaka paa la ngome, na huko unamkuta Yoshi, yule mjusi wa kijani, anakupa maisha 100. Unapewa maisha 100 wakati hakuna tena kitu cha kukuua. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017, ingawa si ya kuruka hasa, ilikwenda mbali zaidi: waliotafuta mbegu 900 zilizofichwa dunia nzima walikabidhiwa, kwa shangwe na kucheza, kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu kwenye basi la Dodoma mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Celeste, nayo ya dola 19.99, ilitoka Januari 2018 baada ya kuanza kama jaribio la siku nne tu. Ina stroberi 175 nyekundu, na gemu yenyewe inakuambia waziwazi kwamba hazina faida yoyote zaidi ya kuwaringia rafiki zako. Watu walizikusanya zote.

Lakini taji la ukaidi nampa Terry Cavanagh, Mwairishi, kwa VVVVVV ya mwaka 2010. Ni gemu ya kuruka ambayo huwezi kuruka: unageuza tu mvutano wa dunia, dari ikawa sakafu. Imeficha vitu 20 vinavyong'aa. Kimoja kiko mbele yako kabisa, nyuma ya kizuizi cha urefu wa goti. Mtu yeyote anayeweza kuruka angekivuka bila kufikiri. Wewe huwezi. Inakubidi uanguke kwenda juu kupitia vyumba vilivyojaa miiba, kimoja baada ya kingine, kisha uanguke tena kurudi chini kupitia miiba ile ile, ili utue upande wa pili, hatua mbili kutoka ulipoanza. Kilinichukua siku tatu. Mke wa rafiki yangu aliyekuwa akipita na maji aliniuliza siku ya kwanza ninafanya nini, siku ya tatu hakuniuliza.

Je, wajua kwamba aliyewahi kushika rekodi ya kukamilisha ni mtu wa Ghuba? Sony walipoleta vikombe vya kidijitali kwenye PlayStation mwaka 2008, waliweka kimoja cha platinamu kwa aliyekusanya vingine vyote vya gemu husika. Hakam Karim wa Bahrain, ajulikanaye kama Hakoom, aliingia kitabu cha Guinness kwa kuwa na platinamu zaidi ya 1,000. Kumbuka kwamba gemu fupi na za bei chee zinapendwa sana na wawindaji wa vikombe, kwa sababu zinaisha. Zile ghali zinataka uishi humo.

Bao je? Mashimo 32, kete 64, na halina asilimia. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa Zanzibar na mabingwa, akaandika tasnifu ya udaktari mwaka 1995 kuhusu mipaka ya akili inayocheza bao, namna bingwa anavyouona mtaji wa kete ukizunguka kabla hajaushika. Hakuna bingwa kati yao aliyewahi kusema amelimaliza.

Zau niliimaliza Jumamosi, kibandani, kwa sababu nyumbani umeme ulikuwa umekwenda. Kwenye ramani ilibaki kona moja ambayo sikuwa nimeigusa, na nilizunguka robo saa nikijigonga ukutani. Dogo mmoja wa darasa la nne, aliyekuwa akisubiri zamu yake kwa heshima na hasira, alinyoosha kidole: jiwe lile rangi yake si kama mengine. Nikaliruka, nikapita. Ramani ikajaa. Majina ya waliotengeneza yakaanza kupanda kwenye kioo, muziki ukashuka, nami nikakaa kimya nikimfikiria baba wa mtu nisiyemjua.

"Anko," dogo akasema, "hii haina mpira?"